Kioo cha Meli Kilichobaki Lubao

Nina umri wa miaka thelathini na mmoja. Ninauza nguo za mitumba katika soko la Kakamega, upande ule wa wauza viatu. Wateja wangu hawajui kwamba mikono hii inayokunja sweta za watoto ilisomea ufundi wa elektroniki. Sijashika bisibisi kwa miaka kadhaa sasa. Nikipita karibu na duka la kutengeneza redio, huvuka barabara... na si kwa sababu nimeusahau ufundi. Ufundi ninaukumbuka vizuri mno!

Wasomaji wenzangu, haya ninayowasimulia yalinipata mwanzoni mwa miaka hii ya tisini. Nimenyamaza kwa muda mrefu. Leo nayasema.

Nilikutana na Makokha chuoni, upande wa Sigalagala. Wasichana katika darasa letu la elektroniki tulikuwa wachache, na wavulana walitufanyia mzaha kwamba tumekuja kutafuta waume. Makokha hakufanya mzaha huo. Alikuwa kijana mtulivu, mwenye vidole vyembamba, na alipofungua redio alizipanga skrubu zake kwenye kitambaa kama mtu anayetandika meza ya wageni. Nilimpenda kwa hilo tu. Tulipomaliza masomo tulikodi kibanda mjini tukawa tunatengeneza redio na televisheni pamoja. Nyumbani kwetu walimfahamu, na mahari ilikuwa imeshazungumzwa.

Mama yangu alikuwa mjane. Alikuwa na sisi wawili tu, mimi na mdogo wangu Lihanda. Huyo Lihanda... nianzie wapi? Alikuwa kijana mrefu, mwenye kicheko kilichomtangulia njiani. Alikata miwa kule Ekero, akirudi Jumamosi na masizi hadi masikioni, akimwita mama kutoka barabarani ili obusuma, ugali wetu, usongwe haraka. Makokha alimwita mulamwa, yaani shemeji, hata kabla ya mahari kulipwa. Walipendana. Nawaambieni walipendana kweli, na hilo ndilo linalonitesa zaidi!

Mwaka mmoja, wakati wa Idi, mfanyabiashara mmoja wa Mumias alituletea redio yake kubwa. Nitamwita Mzee Shaban. Alikuwa ameishi Mombasa miaka mingi, na huko alikuwa na meli ya uvuvi, si kubwa sana, ya kwenda mbali baharini na kukaa huko siku nyingi. Aliketi kwenye benchi letu akitutazama tukifanya kazi. Kisha akatueleza shida yake.

Chombo kinachoonyesha kina cha maji katika meli yake kilikuwa kimezeeka. Kioo chake kilitoa alama za kijani zilizofifia, na hali ya hewa ikiharibika nahodha alilazimika kukibandikia uso ili aone chochote. Alikuwa ameagiza kioo kipya kutoka ng'ambo, kioo cha rangi. Kingeonyesha kina cha maji na, kwa msaada wa setilaiti, kingeonyesha pia mahali meli ilipo. Mafundi wa pwani wangeweza kukifunga, lakini Mzee alisema anataka watu wa nyumbani.

Tulifurahi namna gani! Wakati huo wengi wetu hatukuwa tumewahi kuona kitu kama hicho. Na mimi, kwa mapenzi ya dada, nilimwomba Mzee amtafutie Lihanda kazi melini. Miwa ilikuwa inammaliza mgongo. Mzee akakubali papo hapo.

Tukaenda Mombasa sisi watatu. Kazi ile haikuwa rahisi. Tulilala chali chini ya meza ya nahodha tukipitisha nyaya, jasho likituingia machoni, harufu ya samaki na dizeli ikitukaba koo. Kule chini ya meli kulikuwa na kifaa cha kupelekea sauti majini, na kebo yake ilikuwa imeoza kwa chumvi. Niliikata, nikaiunga upya kwa mikono yangu. Sikuwa na utepe mweusi, nikazungushia utepe mwekundu. Tulipowasha, kioo kilianza kulia ti... ti... ti... kikizitafuta setilaiti. Baada ya muda kikatulia. Alama ndogo ya meli ikatokea, imesimama gatini, palepale tulipokuwa. Nahodha alipiga makofi. Lihanda, aliyekuwa akiosha sakafu nje, aliingiza kichwa dirishani akicheka, akauliza kama mashine hiyo inaweza pia kumwonyesha mama nyumbani anapika nini.

Hicho ndicho kicheko cha mwisho cha mdogo wangu nilichokisikia.

Mama alinitumia ujumbe nirudi nyumbani, kwani wazee wa upande wa Makokha walikuwa wanakuja kukamilisha mambo ya mahari. Kilichobaki melini kilikuwa kutoka nayo kidogo baharini ili kukijaribu kioo. Makokha alisema atabaki kulifanya hilo, mimi nitangulie. Nikatangulia. Ningekuwa na sababu gani ya kukataa?

Makokha alipofika Kakamega alitusimulia jinsi walivyotoka baharini. Mama alikuwa amemchinjia kuku, ingokho ya kumkaribisha mkwe. Alikula huku akieleza jinsi mawe ya chini ya bahari yalivyoonekana mekundu kwenye kioo, na samaki walivyotokea kama vumbi la manjano linalopeperuka. Alisema Lihanda alisimama nyuma yake akishangaa. Mama alimfanya arudie habari hiyo ya Lihanda mara mbili! Niliisikiliza sauti yake nikajivuna kwamba huyu ndiye atakayekuwa mume wangu.

Habari ya meli ilifika kwa simu ya duka la jirani. Ilikuwa mchana, mvua ya kila siku ilikuwa imeanza kuanguka. Mzee Shaban mwenyewe ndiye aliyepiga. Meli ilikuwa ikirudi kutoka safari yake, asubuhi yenye mvua nzito, wasione mbele. Walikuwa wanautafuta mlango, yaani ule upenyo wa kupita katikati ya mwamba. Hawakuuona. Meli ilipanda juu ya mwamba, mawimbi yakaivunja. Wachache waliokotwa na wavuvi. Nahodha hakuonekana. Lihanda wetu hakuonekana...

Sitaeleza kilio cha mama yangu. Siwezi.

Tulingoja mwili. Tulingoja mpaka wazee wakasema inatosha. Kwetu mtu akifa maji na mwili ukakosekana, hukatwa shina la mgomba, likavishwa, likazikwa badala yake. Mama alitoa shati la Lihanda la kanisani. Wanawake walilivisha shina lile wakilia, wakalifunga vifungo kama wanavyomfunga mtoto anayekwenda shule. Na aliyechimba kaburi, aliyevua koti lake akashuka shimoni mbele ya wote, akikataa kupokewa jembe, alikuwa Makokha. Alichimba akilia. Watu waliguswa sana. Shangazi yangu aliniambia nimepata mume, na kwamba Mungu amemchukulia mama mwana akampa mwingine.

Tulifunga ndoa baada ya matanga, harusi ndogo isiyo na ngoma. Tukahamia Lubao, tukafungua duka la ufundi kando ya barabara, nasi tukilala chumba cha nyuma. Siku za soko ng'ombe walipita mlangoni wakitimua vumbi juu ya redio za watu.

Je, hakukuwa na dalili? Zilikuwepo, lakini nilizitia zote katika msiba. Makokha aliacha kwenda kwa mama. Akialikwa alisema ana kazi. Alikonda. Duka letu lilikuwa na televisheni moja kubwa ya zamani, sanduku lake la mbao, mzoga tu usio na kitu, na hakutaka nilisogeze hata nikifagia. Mteja alipotaka kulinunua sanduku lile alifokewa. Niliona ajabu, nikanyamaza. Nilisema moyoni, huzuni hushika kila mtu kwa namna yake.

Ndipo siku moja Bakari akaja.

Bakari alikuwa fundi wa injini katika meli ile. Mguu wake ulivunjwa mwambani akalazwa hospitalini kwa miezi. Alipoweza kutembea na fimbo alisafiri kutoka Mombasa mpaka kwetu, kuja kumpa mama pole. Mtu muungwana namna hiyo! Mama alinitumia ujumbe nije nyumbani nimpokee mgeni.

Tuliketi watatu. Bakari alisema Lihanda alikuwa kijana wa kuchekesha, na kwamba ndiye aliyemsaidia yeye kukamata ubao kabla wimbi halijawatenganisha. Mama alishukuru kwa sauti ndogo. Nami, nikitaka tu kuelewa, nikamuuliza kwa nini ule mlango haukuonekana kwenye kioo kipya. Tulikifunga wenyewe. Kilikuwa kinafanya kazi.

Bakari alinitazama kama mtu aliyesikia vibaya.

"Kioo kipya hatukutoka nacho hata mara moja, dada," alisema. "Fundi alikuja akakifungua kabla hatujang'oa nanga. Alimwambia nahodha kina hitilafu, atakitengeneza, atakirudisha tukija. Akatufungia kile kikongwe."

"Fundi gani?"

"Fundi wenu. Bwana yako."

Mama hakuelewa mara moja. Alimuuliza Bakari kama chai yake inahitaji sukari zaidi. Mimi nilikuwa nimeelewa. Kumbe hakukuwa na mawe mekundu, wala vumbi la manjano, wala Lihanda aliyesimama nyuma yake akishangaa! Yote yale aliyatunga akitafuna kuku wa mama yangu...

Niliaga nikarudi Lubao. Makokha alikuwa ametoka kwenda kutengeneza kipaza sauti cha kanisa moja. Nilifunga mlango wa duka kwa ndani. Nikaenda moja kwa moja kwenye lile sanduku la mbao, kwani moyo ulikuwa umeshanielekeza. Niligeuza mgongo wake, nikatoa skrubu.

Ndani kulikuwa na blanketi. Ndani ya blanketi kulikuwa na kioo cha meli, kizima, kinang'aa. Kipande cha kebo kilikuwa bado kinaning'inia, kimekatwa kwa kisu. Na juu ya kiungio... utepe wangu mwekundu.

Sijui kwa nini nilikiwasha. Labda nilitaka kiniambie kwamba nimekosea. Nilikiunganisha na betri ya gari tuliyotumia kupimia redio. Mvua ilikuwa inapiga mabati. Kioo kikaangaza buluu, kikaanza kulia. Ti... ti... ti... Kilizitafuta setilaiti chini ya paa la Lubao, kisizipate. Kwa hiyo kikaonyesha mahali pa mwisho kilipopajua. Alama ndogo ya meli ilikuwa gatini. Ilikuwa palepale tulipoiacha, haijasogea hata kidogo! Watu walikuwa wamekwenda, wamekufa, tumezika mgomba, lakini kwenye kioo kile meli ilikuwa bado imefungwa salama bandarini. Na kwa muda niliokaa pale sakafuni, niliona kana kwamba Lihanda ataingiza kichwa dirishani anicheke.

Makokha alirudi akabisha. Nilifungua. Alikiona kabla hajaniona mimi. Mwanga wa buluu ulikuwa ukutani.

"Kizime kwanza," alisema.

Sikukizima. Akakaa juu ya kiti cha wateja akaeleza, huku uso wake ukiangalia chini. Kulikuwa na mwenye meli mwingine kule bandarini aliyekitamani kioo kile. Makokha alitaka kutuanzishia duka zuri. Alipanga kumwambia nahodha, meli ikirudi, kwamba kioo kimeharibika kabisa, kiagizwe kingine. Lakini meli ilipozama yule mnunuzi aliogopa, naye mwenyewe akaogopa. Hakuweza kukiuza, wala hakuweza kukitupa. Alikuwa amekuja nacho Kakamega akingoja mnunuzi apate pesa, kikabaki hapo.

"Hicho kikongwe kimewarudisha miaka yote," alisema. "Ilikuwa safari moja tu. Nani angejua mvua itashuka?"

Nilimuuliza swali moja. Nilimuuliza, siku ile aliyokuwa shimoni anachimba, alikuwa akimlilia nani.

Mpaka leo sijapata jibu lake.

Nilikifunga kioo kwenye blanketi, nikakibeba mikononi kama mtoto, nikatoka na mvua. Hakunizuia. Nilikipeleka Mumias kwa Mzee Shaban. Mzee alikuwa ametoka kuswali alasiri. Tulisalimiana, nikalifungua blanketi juu ya mkeka wake. Alikigusa kioo kile kwa kiganja kizima, akasema inna lillahi, akarudia. Baadaye alisema nahodha alikuwa kama mwanawe. Kesho yake alikwenda polisi.

Makokha alikamatwa bila kukimbia. Alikiri kila kitu. Na unajua alihukumiwa kwa kosa gani, msomaji? Wizi! Wizi wa chombo cha meli. Walisema mwamba na mvua ndivyo vilivyoua watu, na hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba kioo kingewaokoa. Nilikaa kwenye benchi la nyuma nikisikiliza mambo ya mashine yakisomwa, nikangoja jina la Lihanda litajwe. Halikutajwa.

Lakini kilichonivunja zaidi si korti. Ni kumweleza mama.

Nilimweleza polepole, jikoni, akichambua mboga. Aliendelea kuchambua mpaka nikamaliza. Kisha akauliza, "Huyo alikuwa anakulanga hapa kwa mkono wangu. Ndiye alichimba?"

Nikasema ndiye.

"Basi huyo mtoto hajazikwa."

Aliwaita wazee wa ukoo. Aliwaambia hawezi kuliacha shati la mwanawe katika shimo lililochimbwa na mkono ule. Wengine walisema jambo hilo halijawahi kufanyika, kwamba kaburi halifunguliwi. Mama hakubishana nao. Alichukua jembe akaenda kuanza mwenyewe, mwanamke mzee, mbele yao wote. Walipoona hivyo wakamfuata.

Shina lilikuwa limeoza, limekuwa maji meusi. Shati lilikuwa limebaki vipande. Mama alivikusanya vipande vile akavifua katika beseni, akavianika kwenye ua. Vilipokauka, wajomba zangu walikata mgomba mwingine, wakachimba upande wa pili wa nyumba, na Lihanda akazikwa mara ya pili. Bakari alikuwa amesafiri tena kutoka pwani na mguu wake mbovu. Yeye ndiye aliyetupa udongo wa kwanza. Ni wangapi kati yenu mmemzika ndugu mmoja mara mbili, na mara zote mbili hamkumzika?

Mama hali samaki tena. Hata omena haziingii nyumbani kwake. Mimi niliirudisha pete kwa wazee wa Makokha, nikauza vifaa vyote vya duka, nikaingia kwenye mitumba. Nguo hazilii ti... ti... ti... Lakini mlio ule haukuniacha. Huanza mvua ya alasiri inapogonga mabati ya soko. Wenzangu hukimbia kufunika mali zao. Mimi husimama. Najua ni matone tu, lakini masikio yangu yanasikia kitu kinachotafuta na hakipati. Nimeombewa makanisani. Nimekunywa dawa za usingizi. Bado.

Makokha alikwisha kutoka jela. Mwezi uliopita alisimama mbele ya meza yangu ya nguo. Nywele zimeanza mvi ilhali umri wetu ni mmoja. Alisema hakuja kununua, alikuja kuomba msamaha. Wachuuzi wa jirani waliacha kuita wateja wakasikiliza.

Nilimwambia msamaha si wangu peke yangu. Nilimwelekeza njia ya kwa mama, kana kwamba haijui. Alisimama akiitazama njia hiyo kwa muda mrefu. Kisha akageuka akaenda upande mwingine... Hajafika huko mpaka leo. Mama ninamwambia kila kitu, na hilo pia nilimwambia. Alisema tu kwamba mlango wa nyumba yake haufungwi mchana.

Wasomaji wangu, mnaweza kusema haya ni mambo ya bahari na hayawahusu. Yanawahusu! Wewe unayefunga breki za gari la watu. Wewe unayevuta nyaya za umeme katika bweni la watoto. Wewe unayeshika ufunguo wa stoo ya dawa. Siku moja utajiambia kwamba ukitoa kitu kidogo tu, kwa muda mfupi tu, hakuna atakayedhurika, kwani mambo yamekwenda salama miaka yote. Nakusihi, kirudishe! Kirudishe kabla hujaondoka pale. Makokha hakuwa muuaji. Alikuwa kijana mzuri anayepanga skrubu zake kwenye kitambaa, na alitaka duka.

Na wewe dada unayempenda mtu, ukiona ameanza kuikwepa nyumba ya mama yako, muulize. Muulize hata kama ana machozi. Mimi niliyaheshimu machozi ya mume wangu kwa miezi mingi, nikamkanda kwa maji moto, nikampikia, nikamlaza... na muda wote huo mdogo wangu alikuwa ndani ya sanduku la mbao, hatua chache kutoka kitandani kwetu, akingoja mtu wa kufungua.